Namba ndogo mwishoni mwa sentensi: jinsi ya kupima wasifu wa Wikipedia

"Julius Nyerere alikuwa rais wa Tanzania kuanzia mwaka 1961 hadi 1985." Sentensi hii, au iliyofanana nayo, utaikuta sehemu nyingi mtandaoni. Sarufi yake haina kasoro na inasomeka bila kikwazo. Sasa ipasue uone kilichomo. Nchi iliyopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ilikuwa Tanganyika. Siku hiyo Nyerere alikuwa Waziri Mkuu, na mkuu wa nchi alikuwa bado Malkia wa Uingereza, akiwakilishwa na gavana mkuu. Januari 1962 Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, Rashidi Kawawa akashika nafasi, na kwa miezi kadhaa Mwalimu alizunguka nchini akijenga chama. Urais wake ulianza 9 Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa jamhuri. Muungano na Zanzibar ulifanyika 26 Aprili 1964, na jina Tanzania likaja Oktoba mwaka huohuo. Kwa hiyo sentensi moja fupi ina makosa matatu: nchi, cheo na mwaka wa kuanza. Kilichosalimika ni 1985 tu, kwani kweli aliondoka Ikulu Novemba mwaka huo.

Wasifu mbaya huwa hivyo mara nyingi. Uongo mkubwa ni nadra. Kinachotukuta kila siku ni kweli iliyobanwa mpaka ikapinda, na msomaji huipokea kwa sababu makala ni ndefu, ina picha na ina sanduku la habari pembeni. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, sasa ina makala zaidi ya 80,000, na sehemu kubwa ya zinazosomwa na wanafunzi ni hizi za watu: viongozi, waandishi, wanamuziki, wachezaji. Tunaozihariri tumejifunza kutoanza kwa kuuliza kama makala ni nzuri. Tunauliza kila dai lililomo limetoka wapi.

Chukua aya moja tu, usijaribu makala nzima. Hesabu madai, yaani kila kitu kinachoweza kuwa kweli au si kweli. Tuseme aya inasema hivi: Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, Nyeri, tarehe 1 Aprili 1940, alisoma biolojia Marekani, mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu, mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement, mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kupata Tuzo ya Nobel. Mahali, tarehe, somo, nchi, shahada, mwaka, "wa kwanza" mbili, shirika: hapo una madai kumi hivi. Sasa tazama tanbihi, zile namba ndogo za kwenye mabano. Ikiwa kuna moja tu, tena imekaa mwisho kabisa wa aya, hujui inabeba madai yote kumi au lile la mwisho peke yake. Ifungue ulinganishe. Kwa kawaida utagundua inabeba mawili au matatu, na mengine yamepanda gari bila nauli.

Neno "wa kwanza" ndilo tunalolisimamia kwa muda mrefu kuliko mengine yote. Kila wasifu wa Afrika Mashariki unalo, na mara nyingi halina mipaka. Katika mfano huu la pili ni kosa. Nadine Gordimer wa Afrika Kusini alipata Nobel ya Fasihi mwaka 1991, miaka kumi na mitatu kabla ya Maathai. Lililo sahihi ni kwamba Maathai ni mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kupata Tuzo ya Nobel ya Amani. Neno moja, "Amani", limeangushwa njiani, na kwa kuliangusha mwandishi amemfuta Gordimer. Dai la kwanza, lile la shahada ya uzamivu, ni la aina nyingine. Limerudiwa sana, hata na vyombo vinavyoheshimika, lakini kulithibitisha kungehitaji mtu apitie orodha za wahitimu wa vyuo vyote, pamoja na wanawake wa eneo hili waliosomea ng'ambo. Makala iliyoandikwa vizuri hailifuti dai kama hilo wala hailiapii. Inasema ni nani asemaye. Ukiona "wa kwanza", dai mambo matatu: wa kwanza katika nini hasa, katika eneo gani, na kwa mujibu wa nani. Likikosa hata moja, lihesabu kama dai lisilo na chanzo hata kama lina namba pembeni.

Tukija kwenye tanbihi zenyewe, idadi yake isikutishe. Makala yenye tanbihi arobaini inaweza kuwa dhaifu kuliko yenye nane. Fungua tano, na usichague zilizo juu tu; chukua mbili za mwanzo, mbili za katikati na moja ya mwisho. Kwa kila moja angalia mambo haya kwa mpangilio: kiungo kinafunguka? Ukurasa unaofunguka unamtaja mtu huyu? Unasema kile sentensi inachosema, au unasema kinachokaribiana nacho tu? Kiungo kikiwa kimekufa, nakili anwani yake uibandike kwenye hifadhi ya Wayback Machine katika web.archive.org, mara nyingi utapata nakala ya zamani. Kurasa za magazeti yetu hubadilishiwa anwani kila tovuti inapotengenezwa upya, hivyo kiungo kilichokufa hakimaanishi kwamba mwandishi alidanganya. Kinachopaswa kukutia wasiwasi ni kiungo kinachofunguka vizuri kabisa na ndani yake hakuna chochote kuhusu jambo lililodaiwa.

Tanbihi ya kitabu nayo ina dalili zake. Iliyokamilika ina mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka na namba ya ukurasa. Ikitaja kitabu kizima cha kurasa mia tatu bila ukurasa, mwandishi ama hakukifungua ama alinakili tanbihi kutoka makala ya lugha nyingine. Hili la pili ni la kawaida sana kwetu: makala inatafsiriwa kutoka Kiingereza, tanbihi zinahamishwa kama zilivyo, na mtafsiri hakusoma hata kimoja cha vyanzo hivyo. Kosa lililokuwa kule linahamia huku likiwa na nguo mpya.

Vyanzo havina uzito sawa, na hapa kwetu kuna vichache vinavyopaswa kujulikana kwa tabia zao. Hansard, taarifa rasmi ya Bunge, inaaminika kwa jambo moja: kwamba mtu fulani alisema maneno fulani siku fulani. Haithibitishi kwamba alichosema ni kweli. Wasifu wa mbunge kwenye tovuti ya Bunge ni mzuri kwa jimbo na miaka ya kuchaguliwa, lakini mambo ya shule na kazi huwa yametoka kwa mbunge mwenyewe. Gazeti la Serikali ni chanzo bora cha tarehe ya uteuzi, na wengi hawalitumii. Tanzia ya gazetini hutoa tarehe ya kifo kwa uhakika mzuri. Ya kuzaliwa, kidogo. Halafu upo wasifu wa marehemu unaosomwa msibani na kuchapwa kwenye vijitabu vya maziko. Ndani yake utapata majina ya wazazi, shule na vijiji visivyopatikana kwingine kokote, na mtu asiudharau. Lakini umeandikwa na familia iliyo kwenye majonzi, na desturi yetu ni kwamba marehemu hasemwi vibaya. Utumie kwa ukoo na makuzi, usiutumie kupima kazi aliyoifanya mtu akiwa na madaraka.

Kutegemea chanzo kimoja ni tatizo hata chanzo chenyewe kikiwa bora. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, akarekodi santuri Bombay mwaka 1928 na kufariki 1950, aliandikiwa wasifu na Shaaban Robert. Ni bahati kubwa kwa Kiswahili, na kila makala kumhusu inarudi hapo. Ila Shaaban Robert aliandika akiwa mtu aliyemstahi Siti na aliyetaka maisha yake yawe funzo kwa wasomaji. Makala inayopaswa kusifiwa itasema waziwazi "kwa mujibu wa Shaaban Robert" pale inapogusa tabia na mawazo ya Siti, kisha itafute kwingine habari za rekodi, safari na nyimbo. Inayonyonya kitabu kimoja na kuficha jina lake, hata ikiwa tamu vipi, ina alama pungufu.

Lipo jingine baya kuliko hilo, nalo ni mzunguko. Mtu anaandika dai kwenye Wikipedia bila chanzo, mwandishi wa habari analichukua, kisha mhariri mwingine anakuja na kuweka lile gazeti kama tanbihi. Dai limejizaa lenyewe. Mwaka 2009, mtunzi wa muziki wa filamu Maurice Jarre alipofariki, mwanafunzi mmoja wa Dublin aliweka nukuu ya kubuni kwenye makala yake ili aone itafika wapi. Wahariri wa Wikipedia waliiondoa kwa kuwa haikuwa na chanzo, lakini magazeti ya nchi kadhaa yalikuwa yameshaichapa katika tanzia zao. Namna ya kuugundua mzunguko ni kulinganisha tarehe. Fungua historia ya makala, tafuta siku dai lilipoingia mara ya kwanza, kisha tazama tarehe ya gazeti lililotajwa. Gazeti likiwa la baadaye, na maneno yakifanana karibu neno kwa neno, usilihesabu kuwa chanzo. Tafuta kitu kilichochapishwa kabla.

Tarehe za kuzaliwa zinastahili kupumziwa kidogo. Watu waliozaliwa vijijini kabla ya uhuru wengi hawakuandikishwa, na umri wao ulikadiriwa kwa njaa fulani, vita fulani, au jando lilipofanyika. Jomo Kenyatta ni mfano unaojulikana: siku yake ya kuzaliwa haifahamiki, na wanahistoria hukadiria miaka ya 1890. Makala inayomwekea siku na mwezi kamili imebuni au imenakili ubunifu wa mwingine. Inayosema "takriban" na kueleza sababu inajua kazi yake. Tarehe 1 Januari nayo ikutie shaka ya heshima. Wapo waliozaliwa siku hiyo kweli, lakini fomu nyingi hujazwa 1 Januari pale mwaka unapojulikana na siku haijulikani, na ikishaingia kwenye pasipoti huonekana ni ukweli. Tazama pia kama mwili wa makala na sanduku la pembeni vinakubaliana. Baadhi ya masanduku huvuta taarifa kutoka Wikidata, hifadhi ya data iliyoanzishwa 2012, kwa hiyo mtu anaweza kusahihisha mwaka ndani ya aya na sanduku likabaki na ule wa zamani. Ukikuta miaka miwili tofauti kwenye ukurasa mmoja, basi hakuna aliyeusoma ukurasa huo mzima kwa muda mrefu.

Majina ya mahali na ya taasisi husaliti uzembe haraka. Mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ilianzishwa 2012, na Songwe 2016. Makala ikisema mtu alizaliwa mwaka 1948 "mkoani Simiyu" bila neno "sasa", aliyeandika hakuangalia. Kenya ni vivyo hivyo kwa kaunti, zilizoletwa na Katiba ya 2010. Vyuo ndivyo vinavyokosewa zaidi. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa mwaka 1970, na hapo ndipo Nairobi, Makerere na Dar es Salaam vikawa vyuo vikuu vinavyojitegemea. Kwa hiyo "alihitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1967" inahitaji maelezo, maana wakati ule kilikuwa chuo kishiriki. Nyerere aliyekwenda Makerere mwaka 1943 aliingia chuo kilichokuwa bado hakitoi shahada za chuo kikuu. Alitoka na cheti cha ualimu, na shahada akaipata Edinburgh mwaka 1952. Makala inayompa "shahada ya Makerere" imeteleza palepale wengi wanapoteleza. Na ukiona "Dkt." mbele ya jina, uliza shahada hiyo aliisomea au alitunukiwa kwa heshima. Zote ni halali kutajwa, ila zisichanganywe.

Sasa lugha. Kwenye Wikipedia ya Kiswahili kosa la lugha mara nyingi ni kosa la ukweli, kwa sababu makala nyingi zimepita kwenye tafsiri ya mashine. Ukisoma kwamba Wangari Maathai "alioa" Mwangi Mathai mwaka 1969, usicheke ukaendelea. Mashine haikujua nani mke nani mume, na mtu aliyechapisha hakusoma alichochapisha. Kama hakuona hilo, hakuona na mengine. Udugu ndio unaoumia zaidi. Kiingereza kina neno moja kwa mjomba, baba mdogo na baba mkubwa. Mashine huandika "mjomba" kwa wote. Katika wasifu wa mtu aliyelelewa na ndugu wa baba yake, au aliyerithi uchifu, kosa hilo linahamisha ukoo mzima kutoka kuumeni kwenda kukeni. "Kaka" na "mdogo wake" nazo huchanganywa, kwa sababu kule hawalazimiki kusema nani mkubwa. Dawa yake ni moja: usikisie. Rudi kwenye chanzo, na kisiposema, andika "ndugu wa baba yake" au "ndugu yake wa kiume".

Maneno mengine ya kuwinda: "sherehe" mahali palipopaswa kuwa "chama", "waziri" kwa mtu aliyekuwa mchungaji, "saa 10 asubuhi" kwa tukio lililotokea saa nne asubuhi, na "alikuwa" kwa mtu aliye hai. Hilo la mwisho huumiza watu. Kiingereza husema mtu "alikuwa mchezaji" kwa maana ameacha kucheza, lakini Kiswahili kikiandika "alikuwa mchezaji wa mpira kutoka Kenya" kwenye sentensi ya kwanza, msomaji anadhani amekufa. Andika "ni mchezaji mstaafu".

Kichupo cha historia, juu ya makala, ni mahali ambapo wasomaji wengi hawajawahi kubofya, na ndipo panapotuambia zaidi. Kila hariri ina tarehe, jina la aliyehariri na idadi ya baiti, yaani kipimo cha wingi wa maandishi, zilizoongezwa au kuondolewa. Wasiojisajili huonekana kwa namba za anwani ya intaneti au, siku hizi, kwa jina la muda linaloanza na alama ya ~ na mwaka. Makala iliyoandikwa na mtu mmoja siku moja na haikuguswa tena ila na roboti (programu inayojiendesha) wa kupanga jamii, yaani makundi ya makala, haijawahi kukaguliwa. Haimaanishi ni mbaya. Ina maana wewe ndiye mkaguzi wa kwanza, basi soma hivyo. Mstari wenye namba nyekundu ya kuondoa maelfu ya baiti, bila maelezo, kwenye makala ya mwanasiasa na karibu na uchaguzi, ufungue. Tumia kitufe cha kulinganisha matoleo uone kilichokatwa. Mara nyingi ni sehemu ya kesi au tuhuma iliyokuwa na chanzo. Kisha bofya jina la aliyekata uone michango yake mingine. Akiwa hajawahi kuhariri kitu kingine isipokuwa mtu huyo mmoja, unajua yuko upande gani. Kanuni za matumizi tangu 2014 zinamtaka anayelipwa kuhariri aseme nani anamlipa. Wengi hawasemi, lakini lugha huwasema: "kiongozi shupavu", "mwenye maono", "aliyejizolea sifa kemkem". Sifa hizo haziwezi kuthibitishwa wala kukanushwa, kwa hiyo hazina kazi kwenye wasifu.

Kwa nini tunashikilia sana watu walio hai? Mwaka 2005, kwenye Wikipedia ya Kiingereza, mtu asiyejisajili aliandika sentensi chache kuhusu mwanahabari wa Marekani John Seigenthaler, akidai kwamba aliwahi kushukiwa kuhusika na mauaji ya John Kennedy na Robert Kennedy. Hakukuwa na chembe ya ukweli; Seigenthaler alikuwa amefanya kazi na Robert Kennedy na kumpenda. Maandishi yalikaa zaidi ya miezi minne bila mtu kuyagusa. Ulikuwa wasifu mfupi, sarufi safi, haukuwa na tanbihi hata moja. Baada ya hapo Wikipedia ya Kiingereza iliwazuia wasiojisajili kuanzisha makala mpya, na kanuni ya watu walio hai ikakazwa: dai lenye ubishi juu ya mtu aliye hai na lisilo na chanzo linaondolewa mara moja, bila kusubiri mjadala. Kwa msomaji, maana yake ni hii: tuhuma, ugonjwa, ndoa, dini au kabila la mtu aliye hai, likiwa halina tanbihi ya uhakika, lihesabu kama halijaandikwa. Usilirudie hata kwenye kundi la WhatsApp.

Mizani ya makala huonekana kwa kilichorukwa. Chora mstari wa miaka ya mtu pembeni ya daftari, kisha weka alama pale makala inapoeleza kitu. Mfano ni Bibi Titi Mohamed. Makala dhaifu zinaeleza alivyowakusanya akina mama wa Dar es Salaam kuingia TANU miaka ya 1950, kisha zinaruka hadi kifo chake Novemba 2000 na barabara iliyopewa jina lake. Katikati kuna shimo. Alipoteza ubunge 1965, akakamatwa 1969, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa 1972. Kuiruka miaka hiyo si kumheshimu. Ni kumnyima nusu ya maisha yake, na msomaji hataelewa kwa nini jina lake lilinyamaziwa kwa muda mrefu. Upande wa pili upo pia: makala inayotumia aya sita kwa kesi na mstari mmoja kwa kazi ya miaka kumi na mitano nayo imepinda.

Kwa Dedan Kimathi, mizani hupimwa kwa neno moja moja. Serikali ya kikoloni ilimwita gaidi. Wakenya wamemsimamishia sanamu katikati ya Nairobi. Makala haihitaji kuchagua neno la kumtukana wala la kumsujudia, inahitaji kusema nani alimwita nini na lini. Inahitaji pia kuwa kamili kwa lile linaloweza kukamilishwa: kosa alilohukumiwa nalo Nyeri, Novemba 1956, lilikuwa kumiliki bastola na risasi, na alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Makala nyingi huandika "alinyongwa kwa ugaidi" au "kwa kuongoza Mau Mau". Hukumu haikusema hivyo, na tofauti hiyo ndiyo inayoonyesha sheria ya hali ya hatari ilivyokuwa ikifanya kazi.

Picha, kwa ufupi: bofya ufike kwenye ukurasa wake, usome nani kaipiga, lini na wapi. Picha ya mtu wa karne ya 19 isiyo na chanzo inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa. Kuhusu nyota na alama za ubora, Wikipedia ya Kiingereza hutumia nyota ya shaba kwa makala teule na duara la kijani lenye alama ya kujumlisha kwa makala nzuri. Alama hizo zina maana, lakini angalia tarehe zilipotolewa. Makala iliyopitishwa miaka kumi iliyopita imeguswa na mikono mingi tangu hapo. Na lebo ya "mbegu" chini ya makala fupi za Kiswahili isikukimbize. Mbegu ya mistari sita yenye tanbihi nne zinazofunguka tunaithamini kuliko kurasa tano za tafsiri ya mashine.

Ukikuta kosa, una njia mbili. Ukiwa na chanzo mkononi, bofya "Hariri", rekebisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, weka tanbihi, na kwenye nafasi ya muhtasari andika ulichofanya na kwa nini. Usipokuwa na chanzo, nenda kwenye ukurasa wa majadiliano: nakili sentensi yenye tatizo, sema kinachokutia shaka, sema ulikotafuta, na uache tarehe na saini kwa alama nne za ~. Malalamiko ya jumla kama "makala hii imejaa uongo" hayamsaidii mhariri atakayekuja baada yako.

Ile sentensi ya mwanzo, kwa mfano, tungeiandika hivi: "Julius Nyerere alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika tangu uhuru hadi Januari 1962, Rais wa Tanganyika kuanzia 9 Desemba 1962, na Rais wa Jamhuri ya Muungano tangu 26 Aprili 1964 hadi Novemba 1985, uenyekiti wa CCM aliushika hadi 1990." Tanbihi moja kwa kila kipande, sio moja kwa zote. Kwenye muhtasari: "Cheo na nchi vimetenganishwa kwa miaka, vyanzo vimeongezwa." Kisha bofya nyota iliyo juu ya ukurasa ili makala iingie kwenye orodha yako ya maangalizi, na uipitie tena karibu na 14 Oktoba, Siku ya Nyerere, wageni wanapokuwa wengi na ile sentensi fupi ya zamani inapoweza kurudishwa na mtu anayedhani anasaidia.